Pablo Casals: Gwiji wa chelo aliyeliogopa jukwaa hadi uzeeni

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1901, kijana mmoja wa miaka 24 alikuwa akiteremka Mlima Tamalpais, karibu na jiji la San Francisco nchini Marekani, akiwa na marafiki zake. Ghafla jiwe kubwa likaporomoka kutoka juu. Kijana huyo aliwahi kukiepusha kichwa chake, lakini jiwe lilimponda vidole vya mkono wa kushoto.

Mkono huo ndio uliokuwa ukimpa riziki na jina. Wenzake waliingiwa na fadhaa, na waganga walihofu kwamba huenda asipige tena ala yake. Lakini yeye mwenyewe, kwa mujibu wa kumbukumbu alizozisimulia uzeeni, wazo la kwanza lililomjia alipoutazama mkono uliovunjika halikuwa la majonzi. Alimshukuru Mungu kwamba sasa hatalazimika tena kupiga muziki mbele ya watu.

Kijana huyo alikuwa Pablo Casals, Mkatalunya ambaye hadi leo anahesabiwa miongoni mwa wapigaji wakubwa kabisa wa chelo waliopata kutokea duniani. Chelo ni ala ya nyuzi nne ya ukoo wa fidla, kubwa kiasi kwamba mpigaji huketi na kuiweka katikati ya magoti yake. Wapenzi wa taarab ya Unguja wameiona ala hiyo katika vikundi vikubwa vya visiwani humo.

Mkono ulipona baada ya miezi kadhaa, naye akarejea jukwaani na kubaki huko kwa miaka mingine 70. Pamoja nao ilirejea hofu. Casals alipiga mbele ya malkia, marais na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lakini hakuwahi kupanda jukwaani bila moyo kumdunda na kifua kumbana.

Maisha yake ni ushahidi kwamba hofu ya jukwaani si maradhi ya wanaojifunza peke yao, wala si dalili ya kukosa kipaji. Ni ushahidi pia wa namna mtu anavyoweza kuishi na hofu hiyo karibu karne nzima bila kuiachia usukani.

Mtoto wa mpiga kinanda

Casals alizaliwa Desemba 29, 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, Katalunya, kaskazini mashariki mwa Hispania. Baba yake, Carles, alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya katika kanisa la mji huo. Mama yake, Pilar Defilló, alizaliwa Puerto Rico, kisiwa cha bahari ya Karibi kilichokuwa wakati huo chini ya himaya ya Hispania.

Mtoto huyo alilelewa ndani ya muziki. Baba alimfundisha kuimba, kinanda, piano na fidla tangu akiwa mdogo mno. Chombo chake cha kwanza kilichofanana na chelo kilitengenezwa kwa kibuyu, kikafungwa mpini na uzi mmoja.

Akiwa na miaka 11 alimwona mpigaji chelo halisi kwa mara ya kwanza, mwanamuziki kutoka Barcelona aliyeitwa José García. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya ala nyingine.

Hapo ndipo wazazi walipotofautiana. Baba, aliyeijua vyema njaa ya mwanamuziki wa mji mdogo, alitaka kijana ajifunze useremala. Mama alishikilia kwamba kipaji cha mwanawe hakiwezi kuachwa kipotee, na mwaka 1888 alimchukua mwenyewe hadi Barcelona, akamwandikisha katika shule ya muziki ya manispaa, kwa mwalimu yule yule García.

Katika siku hizo wanafunzi wa chelo walifundishwa kupiga huku kiwiko cha mkono wa kulia kimebanwa ubavuni, na wengine waliwekewa kitabu kwapani wakati wa mazoezi ili mkono usitoke. Casals aliona utaratibu huo ni kifungo. Alianza kuuachia mkono utembee kwa uhuru, na kuvinyoosha vidole vya mkono wa kushoto kwa namna mpya. Mabadiliko hayo baadaye yalibadili upigaji wa chelo duniani kote.

Ili kujipatia fedha, kijana huyo alipiga muziki jioni katika mgahawa wa Café Tost mjini Barcelona. Hapo alisikika na mtunzi mashuhuri wa Hispania, Isaac Albéniz, ambaye alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa watu wakubwa mjini Madrid.

Alisahau mwanzo wa kipande

Onyesho lake la kwanza kubwa mjini Barcelona lilifanyika mwaka 1891, akiwa na miaka 14. Wakiwa njiani kwenda ukumbini, alimgeukia baba yake na kumweleza kwa hofu kuu kwamba amesahau kabisa mwanzo wa kipande alichokuwa aende kukipiga. Baba alimtuliza. Alipofika jukwaani vidole vilikumbuka kile ambacho kichwa kilikuwa kimekisahau, na mambo yakaenda vizuri.

Wengi wangetarajia kwamba baada ya mafanikio kama hayo hofu ingeondoka yenyewe. Haikuondoka. Casals alieleza uzeeni kwamba hali ile ya siku ya kwanza ilimfuata katika kila onyesho, katika kila nchi, na kwamba kuzoea jukwaa hakukumsaidia kitu.

Wataalamu wanaifahamu vyema hali hiyo. Mtu anapohisi kwamba yuko hatarini, mwili humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, kinywa hukauka, viganja hutoa jasho na misuli hukaza. Maandalizi hayo humfaa mtu anayetaka kukimbia au kupigana. Kwa mpigaji fidla au chelo, ambaye riziki yake iko katika mwendo wa vidole usiozidi unene wa punje, maandalizi hayo hayo ni balaa.

Tena jambo hili ni la wengi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 miongoni mwa wanamuziki wa okestra kubwa za Marekani, ambao wanamuziki 2,212 waliujibu, ulionyesha kwamba asilimia 24 walikuwa na tatizo la hofu ya jukwaani. Zaidi ya robo walikiri kuwahi kutumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, zile ambazo kwa kawaida hupewa wagonjwa wa moyo na shinikizo la damu.

Wakubwa wengine wa muziki hofu hiyo iliwashinda kwa muda au moja kwa moja. Mpiga piano Vladimir Horowitz aliacha kupanda jukwaani tangu mwaka 1953 hadi 1965. Mwenzake wa Kanada, Glenn Gould, alipiga mbele ya hadhira kwa mara ya mwisho mwaka 1964 akiwa na miaka 31 tu, kisha akajifungia studio hadi mwisho wa maisha yake. Casals hakufuata njia hiyo, ingawa jiwe la Tamalpais lilimwonyesha jinsi moyo wake ulivyoitamani.

Kicheko cha Brussels

Mjini Madrid, kijana huyo alipata mfadhili katika Malkia María Cristina, aliyempa posho ya masomo. Mwaka 1895 alipelekwa Brussels, Ubelgiji, kuendelea na masomo katika chuo cha muziki kilichokuwa na sifa kubwa kwa upigaji wa chelo.

Alichokikuta huko ni dhihaka. Profesa wa chelo alimuuliza vipande anavyovijua, na kila alipojibu kwamba anavijua vyote, darasa lilicheka. Hatimaye akatakiwa apige kimojawapo. Kwa simulizi lake mwenyewe, hasira zilimpanda hadi hofu ikakosa mahali pa kukaa. Alipomaliza, darasa lilikuwa kimya. Profesa akamwita faragha na kumwahidi nafasi pamoja na zawadi ya kwanza ya chuo mwaka huo. Casals alikataa, na kesho yake akaondoka kwenda Paris.

Uamuzi huo ulimgharimu. Posho ya Hispania ilikatwa, na mama yake pamoja na wadogo zake wawili waliokuwa naye wakabaki bila msaada. Casals alipata kazi ya kupiga chelo katika jumba la burudani, huku mama akishona nguo ili kuongeza kipato. Siku moja mama alirejea nyumbani nywele zake ndefu zikiwa zimekatwa. Alikuwa ameziuza ili wapate chakula. Muda mfupi baadaye walirejea Barcelona, ambako Casals alipewa kazi ya kufundisha.

Mambo yaligeuka mwaka 1899. Alipiga katika ukumbi wa Crystal Palace mjini London, kisha mbele ya Malkia Victoria katika kasri lake la Osborne. Novemba mwaka huo huo alipiga mjini Paris pamoja na okestra ya Lamoureux, na tangu usiku huo milango ya Ulaya nzima ikawa wazi. Mwaka 1904 alialikwa Ikulu ya Marekani kumpigia Rais Theodore Roosevelt.

Upinde ulioruka

Kisa kinachoeleza zaidi uhusiano wa Casals na hofu yake kilitokea mjini Vienna, Austria, katika onyesho lake la kwanza katika mji huo. Kwake Vienna haikuwa mji kama miji mingine. Ulikuwa mji wa Mozart, Beethoven na Schubert, na wazo kwamba anakwenda kupiga mahali walipoishi mabwana hao lilimzidishia mzigo.

Alipovuta upinde kwa mara ya kwanza, alihisi mkono wake wa kulia umekakamaa. Akajaribu kuulegeza kwa kuuzungusha upinde kidogo kati ya vidole, kama alivyozoea kufanya. Upinde ukamponyoka, ukaruka kutoka jukwaani na kuangukia katikati ya viti vya watazamaji.

Kwa mwanamuziki mwenye hofu, hiyo ndiyo ndoto mbaya kuliko zote. Ukumbi ulinyamaza. Watazamaji wakaanza kuupitisha upinde kutoka mkono hadi mkono, mstari hadi mstari, kuelekea jukwaani. Casals hakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa na kuutazama ukija taratibu.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakulitarajia. Macho yake yalipokuwa yakiufuata ule upinde, na akili yake ikawa haina kingine cha kushughulika nacho, woga uliisha. Upinde ulipomfikia alianza upya kipande kile kile, bila kutetemeka. Alikuja kusema kwamba jioni hiyo alipiga vizuri kuliko kawaida.

Leo kisa hicho kinaeleweka kwa namna ambayo katika siku za Casals ilikuwa haijapewa jina la kitaalamu. Mwaka 1979, miaka sita baada ya kifo chake, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha kliniki ya kuwafundisha wagonjwa kupunguza msongo kwa njia ya utulivu wa fahamu, akichota kutoka katika mafundisho ya kale ya Kibudha. Kwa ufupi, mtu hufundishwa kuiweka akili yake katika kinachotokea sasa hivi, iwe ni pumzi, sauti au mguso, bila kukipiga vita wala kukitolea hukumu.

Mafunzo hayo yameingia hata katika vyuo vya muziki. Wanaoyafundisha hawaahidi kwamba woga utakwisha. Wanachokieleza ni kwamba hofu ya jukwaani hula chakula cha kesho na cha jana: nitakosea, watanicheka, mara ile nilikosea. Akili ikishughulika na sauti iliyopo sikioni wakati huo huo, chakula hicho hupungua. Dakika chache ambazo Casals aliutazama upinde ukija zilikuwa, kwa bahati tu, somo la namna hiyo hiyo.

Ibada ya kila asubuhi

Hata hivyo, si kila kitu katika maisha yake kiliachiwa bahati. Kwa zaidi ya miaka 80 Casals aliianza siku yake kwa namna moja. Aliamka, akatembea nje akiangalia miti, ndege na bahari au milima, kisha akarudi ndani na kuketi kwenye piano. Hapo alipiga preludi na fuga mbili za Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1750.

Hakuwa akijiandaa kwa onyesho lolote, maana ala yake ilikuwa chelo na si piano. Alifanya hivyo ili kuitakasa siku na kujikumbusha muujiza wa kuwa hai. Kila asubuhi, alieleza, vipande vile vile alivyovipiga tangu utotoni vilimjia kama vitu vipya.

Bach ndiye pia aliyempa kazi kubwa ya maisha yake. Mwaka 1890, akiwa na miaka 13, alikuwa akizunguka na baba yake katika maduka ya karatasi za muziki karibu na bandari ya Barcelona. Ndani ya lundo la karatasi kuukuu alikuta vipande sita virefu ambavyo Bach aliviandika kwa chelo peke yake, bila ala nyingine ya kuisindikiza. Wakati huo wanamuziki wengi waliviona kama mazoezi makavu ya vidole.

Casals alivichukua nyumbani na kuvifanyia kazi kila siku kwa muda wa miaka 12 hivi kabla ya kuthubutu kupiga kimojawapo kikamilifu mbele ya watu. Mtu anaweza kusema kwamba ni hofu iliyomchelewesha. Lakini ni hofu hiyo hiyo iliyomfanya asipande jukwaani na kitu asichokijua hadi ndani ya mifupa. Alivirekodi vyote kati ya mwaka 1936 na 1939, na rekodi hizo ndizo zilizoufundisha ulimwengu kuviheshimu.

Katika ufundishaji wake pia alisisitiza jambo lililohusu mwili moja kwa moja: kulegea. Aliwafundisha wanafunzi kwamba mkono uliokaza muda wote hauwezi kupiga muziki, na kwamba hata katikati ya kipande cha kasi kuna nafasi, ndogo kama kupepesa jicho, ambapo kidole kinaweza kupumzika. Ilikuwa nasaha ya mtu aliyeujua mkazo kwa karibu.

Muziki chini ya mizinga

Mwaka 1920 Casals alianzisha okestra yake mjini Barcelona, na kwa miaka ya mwanzo aliigharimia kwa fedha zake mwenyewe. Baadaye, mwaka 1926, alisaidia kuundwa kwa chama cha maonyesho ya muziki kwa ajili ya wafanyakazi wa kipato cha chini, ili muziki usiwe mali ya matajiri peke yao.

Jioni ya Julai 18, 1936, okestra na kwaya walikuwa mazoezini wakijiandaa kwa Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Mjumbe akaingia na habari kwamba majeshi yameasi na kwamba mapigano yanatarajiwa mjini wakati wowote. Onyesho lilikuwa limefutwa, na wote walitakiwa kutawanyika. Casals aliwauliza kama wangependa kukimaliza kipande kabla ya kuagana, kwa kuwa hakuna aliyejua lini wangekutana tena. Wakapiga na kuimba hadi mwisho, kisha wakatoka kwenda kwenye mitaa iliyokuwa ikiwekewa vizuizi.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilidumu hadi mwaka 1939 na kumalizika kwa ushindi wa Jenerali Francisco Franco. Casals alikuwa upande wa serikali iliyochaguliwa na wananchi, na hakuuficha msimamo wake. Mmoja wa majenerali wa Franco alitangaza redioni kwamba mwanamuziki huyo akikamatwa atakatwa mikono kwenye viwiko.

Casals alihamia Prades, mji mdogo wa Ufaransa ulio karibu na mpaka wa Hispania, ambako maelfu ya Wakatalunya walikuwa wakimbizi katika kambi zenye hali mbaya. Alitumia fedha na jina lake kuwatafutia chakula, nguo na dawa, akiandika barua kwa mkono wake kuwaomba msaada watu aliowafahamu duniani.

Majeshi ya Hitler yalipoikalia Ufaransa, maofisa wa Kijerumani walifika nyumbani kwake kumwalika akapige Berlin. Alikataa, kama alivyokuwa amekataa kupiga Ujerumani tangu Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933. Kwa udhuru alitaja ugonjwa wa baridi yabisi.

Ukimya wa hiari

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Casals alizuru Uingereza na kupokewa kwa shangwe. Alitarajia kwamba mataifa yaliyomshinda Hitler yasingemvumilia Franco. Miezi ilipopita na kuonekana wazi kwamba Franco ataachwa, alikatiza maonyesho yake. Alikataa shahada za heshima za vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, kisha akatangaza kwamba hatapiga hadharani hadi Hispania ipate uhuru.

Hapa ndipo penye fumbo la maisha ya Casals. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumshukuru Mungu kwa kupondwa mkono. Sasa alikuwa amepata sababu ya heshima, isiyoweza kubezwa na yeyote, ya kutopanda tena jukwaani. Kama hofu ndiyo iliyokuwa bwana wake, miaka hiyo ingekuwa ya raha kwake.

Haikuwa hivyo. Alikuwa na miaka karibu 70, na kila mwaka wa ukimya ulikuwa mwaka ambao asingeweza kuurudisha. Aliendelea na mazoezi yake ya kila siku katika nyumba ndogo ya Prades, asubuhi kwa Bach, mchana kwa chelo, bila hadhira yoyote. Ukimya wake ulikuwa sadaka, na sadaka huwa na maana pale tu inapomuuma mtoaji.

Mwaka 1950, dunia ilipoadhimisha miaka 200 tangu kifo cha Bach, mpigaji fidla Alexander Schneider alimwendea na wazo. Kama Casals hataki kwenda kwa ulimwengu, basi ulimwengu uende kwake. Wanamuziki kutoka nchi mbalimbali wakakusanyika katika mji ule mdogo, na Juni mwaka huo Casals alipiga tena mbele ya watu, ndani ya kanisa la Prades. Tamasha hilo likawa la kila mwaka.

Puerto Rico na Umoja wa Mataifa

Desemba 1955 alizuru kwa mara ya kwanza Puerto Rico, kisiwa alichozaliwa mama yake, na baadaye akahamia huko. Aprili 1957, akiwa katika mazoezi ya tamasha la kwanza la kisiwa hicho lililopewa jina lake, alipatwa na mshtuko wa moyo. Tamasha liliendelea bila yeye, huku kiti chake cha kiongozi wa okestra kikiachwa wazi. Alipona, na Agosti mwaka huo akamwoa mwanafunzi wake Marta Montañez, aliyekuwa na miaka 20. Bwana harusi alikuwa na miaka 80.

Hakusahau kiapo chake. Alipoalikwa kupiga Ikulu ya Marekani mwaka 1961 alipima jambo hilo kwa uzito, kwa kuwa Marekani ilikuwa ikiitambua serikali ya Franco. Alikubali kwa sababu alimwamini Rais John F. Kennedy. Onyesho lilifanyika Novemba 13, 1961, miaka 57 baada ya lile la Roosevelt, na mwishoni alipiga wimbo wa kale wa Kikatalunya unaoitwa Wimbo wa Ndege. Tangu alipokwenda uhamishoni, wimbo huo ulikuwa sala yake kwa nchi aliyoikosa.

Aliupiga tena Oktoba 24, 1971 katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York, akiwa amebakisha miezi miwili tu kutimiza miaka 95. Siku hiyo okestra ilipiga wimbo wa Umoja wa Mataifa alioutunga yeye, kwa maneno ya mshairi W. H. Auden, na Katibu Mkuu U Thant akamtunuku nishani ya amani. Mzee huyo aliwaambia wajumbe kwamba kwa miaka mingi alikuwa hajapiga chelo hadharani, na kwamba siku hiyo alijiona hana budi kupiga.

Pablo Casals alifariki dunia Oktoba 22, 1973 mjini San Juan, Puerto Rico, akiwa na miaka 96. Hakuiona Hispania aliyoisubiri. Franco alifariki Novemba 1975, miaka miwili baadaye, na mwaka 1979 mwili wa Casals ukarejeshwa Katalunya na kuzikwa El Vendrell, mji aliozaliwa.

Katika miaka ile yote hakuna dawa aliyoipata ya kuiondoa kabisa hofu ya jukwaani, na hakudai kuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mambo machache ya kawaida: mazoezi yaliyopita kipimo, mkono uliofundishwa kulegea, matembezi ya asubuhi na kurasa chache za Bach kabla ya dunia kuamka. Juu ya hayo alikuwa na jambo alilolithamini kuliko utulivu wake mwenyewe, na kila lilipomtaka apige, alipiga akiwa na hofu yake.